Ngamia Wangu na Mahakama Zisizomhusu

Hapa Bute kila mtu ana mamlaka. Chifu anayo, imamu anayo, mwenyekiti wa kamati ya kisima anayo, na yule kijana anayechaji simu kwa sola pale sokoni anayo kuwapita wote, maana akinuna nusu ya mji haipatikani hewani. Anayekosa ni mwenye kesi peke yake. Peleka shauri lako ofisi yoyote uitakayo: utapewa kiti, utaletewa chai, utasikilizwa kwa upole mpaka mwisho, kisha mwenye ofisi atakohoa kidogo akwambie kwamba neno lako ni la haki kabisa, ila si la hapa.

Nimechoka na "si la hapa".

Shauri lenyewe halina fumbo. Nilimuuzia mtu ngamia wawili, majike wote. Wa kwanza alimlipia taslimu, wa pili akasema atamlipia akitoka mnadani. Mnada ulikwisha, mvua ikaja ikaenda, ngamia akazaa, na mimi hadi leo nadai shilingi 90,000. Jina la mdaiwa silitaji, kwa sababu nimeambiwa kumtaja gazetini ni kesi nyingine, na hiyo yake ina mahakama tele. Itoshe kusema ni mfanyabiashara wa Moyale. Anayeijua Moyale anajua kwamba mpaka umepita katikati ya mji, nusu Kenya, nusu Ethiopia, na bwana huyu ana mke kila upande. Deni likimkaribia huku, zamu ya kulala huangukia kule.

Polisi walinimaliza haraka. "Alikuibia?" Sikuibiwa, nilimkabidhi kamba kwa mkono wangu mwenyewe. "Basi hayo ni madai, mzee, si jinai," akasema afande, na kitabu cha matukio kikafungwa kabla jina langu halijaandikwa. Chifu alijitahidi zaidi. Alimpigia simu mdaiwa mbele yangu, akaweka spika ili tusikie wote, na tukajibiwa na yule mwanamke wa mtandao, kwa Kiamhari.

Nikaenda kwa kadhi. Mahakama iliyo karibu nasi ni ya kadhi. Hakimu yuko Wajir mjini. Na kadhi ni mtu asiyehitaji kuelezwa ngamia ni nini, jambo ambalo kwa mahakama ni nusu ya safari. Akaniuliza kwa utaratibu.

"Mdaiwa ni Mwislamu?"

"Safu ya kwanza kila Ijumaa."

"Amekubali shauri liletwe kwangu?"

"Ameapa mbele ya watu kwamba utakachosema atakifuata."

"Kati yenu kuna ndoa?"

"Sheikh!"

"Talaka? Mirathi?"

"Kuna ngamia."

"Basi sina mamlaka."

Hiyo ndiyo sentensi pekee katika sheria za Kenya ambayo haiahirishwi. Kadhi wa watu hakuwa na kosa. Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kimempimia eneo lake: mas'ala ya sheria ya Kiislamu kuhusu hadhi ya mtu, ndoa, talaka au mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zote zimekubali kusikilizwa naye. Nikamuuliza, sasa sisi wawili tukikubaliana kukupa na deni? Akasema ridhaa yetu ni sharti, lakini haitoshi. Mamlaka ya mahakama hutoka kwenye Katiba na sheria, watu wawili na ngamia hawawezi kuyatunga.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipokumbuka jambo. "Sheikh, huyu bwana akifa, deni langu linakwenda wapi?" Akasema deni hulipwa baada ya gharama za maziko, kabla ya wasia, na kabla warithi hawajagawana hata kikombe. "Na mirathi hiyo anaisikiliza nani?" Akasema, "Mimi." Kwa hiyo mdaiwa akiwa hai kadhi hana mamlaka, akifa anayo. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kumjulia hali sana. Namuuliza presha, namuuliza sukari. Watu wanasema nimesamehe.

Mipaka hii ya kadhi haikuchorwa kwa ajili yetu. Oktoba 1963, wakati Sultani wa Zanzibar anaachia ukanda wa pwani uingie Kenya, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana kwamba mamlaka ya kadhi yataendelea kuheshimiwa kwa Waislamu. Sheria ya Mahakama za Kadhi ikapitishwa 1967. Ni kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha Mombasa, nasi wa bara kavu tukaambiwa tuivae; inatufika magotini, na deni la ngamia liko chini ya goti.

Aliyenifafanulia ugonjwa wangu ni binti wa dada yangu, anayesomea sheria Nairobi. Huniita Abti, yaani mjomba, nami humwita Abti, kama ilivyo desturi yetu, kwa hiyo ukitusikia kwenye simu huwezi kujua nani anamfundisha nani. Hutuma ujumbe mrefu wa sauti, na mtandao wetu huupokea kwa vipande.

"Abti," akasema, "mahakama haianzi kwa kuuliza nani ana haki. Inaanza kwa kuuliza ni jambo gani, limetokea wapi, ni la kiasi gani, na limefika ngazi gani."

Akaanza na jambo. Ngamia yuleyule, angekuwa mahari ambayo mume hajatoa, ni wa kadhi. Angekuwa ameibwa, Jamhuri ingemshtaki mwizi kwa hakimu, nami ningekuwa shahidi tu wa ngamia wangu. Ningekuwa nimevutana na mchungaji juu ya mshahara wake, ipo Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Ningekuwa nagombea ardhi anayokanyaga, ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hizo mbili Katiba imezipa hadhi sawa na Mahakama Kuu, na sheria zake zilipitishwa 2011. Na angekuwa ametolewa diya, fidia ya damu, angekuwa ngamia wa wazee na hakuna ambaye angedai karatasi. "Lakini wewe ulimuuza kwa mkopo," akamalizia, akashusha pumzi, nami nikajua kwamba katika mambo yote yanayoweza kumpata ngamia nimechagua baya kuliko yote.

Kwenye kiasi nilijiona tajiri ghafla. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 inamruhusu hata hakimu wa ngazi ya chini kabisa, Hakimu Mkazi, kusikiliza madai ya hadi shilingi milioni 5, na Hakimu Mkuu hadi milioni 20. Mimi na elfu tisini zangu tunaenea kila mahali. Tena kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, ambayo husikiliza madai yasiyozidi milioni moja na sheria inaitaka imalize ndani ya siku 60. Mauzo ya bidhaa yamo.

"Na ngamia ni bidhaa?"

"Ni bidhaa, Abti."

Nilifurahi mpaka nikauliza iliyo karibu na Bute ni ipi. Ujumbe wa sauti uliofuata ulikuwa mfupi sana.

Tukaja kwenye mahali, na hapo ndipo sheria ilipoanza kunicheka. Kesi ya ardhi hufunguliwa ardhi ilipo, hilo naliafiki, ardhi haitembei. Deni hufunguliwa anapoishi au anapofanyia kazi mdaiwa, au pale mapatano yalipofanyika. Mapatano yalifanyika Bute, kwa hiyo niende Wajir. Mdaiwa anaishi Moyale, kwa hiyo niende Moyale. Moyale iko karibu nasi kuliko Wajir kwa mbali, ila iko Kaunti ya Marsabit, na ndiko aliko yeye, wako mashemeji zake, na mke wa pili yuko hatua chache kuvuka kizuizi. Wajir ndiyo kaunti yetu. Kufika huko ni kutwa nzima kama barabara ina hisani; mvua ikinyesha unalala njiani pamoja na abiria usiowajua na mbuzi usiowajua.

Tuseme nimefika. Nimevaa koti. Nimeleta mashahidi niliowalipia nauli, malazi na miraa. Kesi inaitwa, nasimama, na kabla sijatamka neno ngamia wakili wa mwenzangu anainuka taratibu na kusema, "Mheshimiwa, nina pingamizi la awali."

Pingamizi la mamlaka ndilo silaha tamu kuliko zote mahakamani. Linaweza kuletwa wakati wowote, hata kesi ikiwa kwenye rufaa, na mahakama yenyewe inaweza kujiuliza bila kuulizwa na mtu. Likikubaliwa, yote yaliyoamuliwa na mahakama isiyo na mamlaka yanahesabiwa hayakuwa. Nikataka kujua nani alileta ukali huu, mpwa wangu akasema: meli.

Ndiyo, meli. Novemba 1989 Mahakama ya Rufaa, ikiketi Mombasa, iliamua mvutano kati ya wenye meli iitwayo Lillian S na kampuni ya mafuta ya Caltex. Jaji Nyarangi akaandika humo kwamba mamlaka ndiyo kila kitu. Mahakama ikiona haina, hairuhusiwi kupiga hatua moja zaidi, inaweka zana chini pale pale. Hakuna wakili Kenya asiyeyakariri maneno hayo, na Mahakama ya Upeo iliyatilia mkazo 2012 katika kesi ya mfanyabiashara S. K. Macharia na benki ya KCB, iliposema mahakama haiwezi kujiongezea mamlaka ambayo haikupewa. Na pingamizi la awali lenyewe lina mzazi wake, kesi ya mwaka 1969 katika Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, iliyohusu kiwanda cha biskuti cha Mukisa kutoka Uganda. Naomba msomaji anielewe ninapolalamika. Mimi ni mtu wa Wajir Kaskazini, maji tunayanunua kwa bouza, bahari nimeiona kwenye kalenda. Haki ya ngamia wangu imeshikwa na meli na pakiti ya biskuti.

Ngazi nilizipitia haraka, maana tayari kichwa kilikuwa kinauma. Kesi ya mauaji haisikilizwi na hakimu, ni Mahakama Kuu, na kwa miaka mingi Mahakama Kuu kwetu maana yake ilikuwa ni kupanda gari kwenda Garissa. Rufaa kutoka kwa kadhi huenda Mahakama Kuu pia, ambako Kadhi Mkuu au makadhi wawili huketi pamoja na jaji kumshauri. Juu yake kuna Mahakama ya Rufaa, na juu kabisa Mahakama ya Upeo, ambayo kesi ya urais huanzia na kuishia kwake kwa siku 14, lakini mtu wa kawaida huifikia tu akiwa na swali la tafsiri ya Katiba au jambo lililothibitishwa kuwa lina umuhimu kwa umma wote. Nikamwambia mpwa wangu deni langu lina umuhimu kwa umma, kwa sababu Bute nzima inalizungumza. Akasema hicho si kipimo.

Nisionekane nawatamani wakubwa wa zamani. Wakati wa mkoloni DC, mkuu wa wilaya, alikuwa serikali, hakimu na mwenye ufunguo wa jela, yote kwa kofia moja. Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934 iliruhusu ukoo mzima uadhibiwe kwa kosa la mtu mmoja. DC hakuwahi kumwambia mtu "sina mamlaka". Shida yetu naye ilikuwa kinyume chake. Kisha uhuru ukaja, na mwaka 1970 Bunge likapitisha Sheria ya Kinga, iliyozuia mtu kushtaki kwa yaliyotendwa na maafisa wa serikali katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za jirani tangu 25 Desemba 1963 hadi 1 Desemba 1967. Ngamia waliopotea miaka ile, na watu waliopotea nao, hawakuambiwa si la hapa. Waliambiwa si la popote. Wazee wangu walipoona jengo la mahakama walikuwa wakivuka barabara, na sikuwa nikiwaelewa.

Ndiyo maana huwa nakasirika na wageni wa semina. Huja na projekta, maji ya chupa na jenereta yao wenyewe, wakatueleza kwamba jamii za wafugaji hupendelea maslaha, usuluhishi wa wazee chini ya mti, kwa sababu ya mila. Mila zipo, sikatai. Lakini mimi napenda maslaha kwa sababu mti uko nyuma ya duka langu. Ningependa kumwona huyo mtaalamu akienda Wajir kwa kutajwa kwa kesi, arudi, aende tena kusikilizwa, aambiwe hakimu yuko likizo, arudi, aende tena kwa hukumu, yote kwa deni la elfu tisini, halafu tumuulize yeye mila zake zinapendelea nini.

Na wazee wana nguvu ambazo hata majaji wamezitambua. Kifungu cha 159 cha Katiba kinazitaka mahakama ziendeleze njia za jadi za kutatua migogoro. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali kufunga kesi ya mauaji baada ya familia mbili kumalizana kwa ngamia, mbuzi na vinginevyo kwa mila na dini yao, ingawa baadaye jaji mwingine alipoombwa vivyo hivyo alikataa. Nilipoisikia habari hiyo nilikaa kimya kidogo. Mtu anaweza kumaliza kesi ya kuua kwa ngamia, na mimi siwezi kumaliza kesi ya ngamia kwa ngamia.

Mpwa wangu hapendi nikisifia mti bila breki. Kifungu hichohicho kinakataza njia za jadi zinazovunja haki za watu, na ananikumbusha kwamba msichana aliyenajisiwa hana biashara na mkeka wa wazee. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ipo kwa ajili yake, na wanaofunika mambo hayo kwa mbuzi wawili watatu wanajua wanachofanya. Hapo simbishii. Siku moja nilimtajia Azimio la Modogashe, ambamo wazee wa kaskazini waliafikiana mwaka 2001 kwamba damu ya mwanamume ni ngamia 100 na ya mwanamke 50. Akaniuliza, "Abti, mimi ni nusu ya nani?" Nikajifanya mtandao umekata. Safari hii kweli haukuwa umekata.

Hata hivyo deni ni deni, na mti uko karibu. Wazee wa upande wangu wakaita wazee wa upande wake, mkeka ukatandikwa, nami mlalamishi nikatoa mbuzi na chai kama inavyopasa. Mdaiwa akaja! Hakuna hati ya kuitwa mahakamani ambayo ingemtoa kwa mke wa kule, lakini salamu ya mjomba wake ilimtoa. Akasikiliza dai langu lote bila kunikatiza. Akakubali ngamia. Akakubali bei. Akakubali hata rangi. Mimi nikaanza kuhesabu pesa moyoni.

Kisha akasimama, akajifuta uso kwa kitambaa cha begani.

"Wazee wangu, nawaheshimu sana. Lakini mimi ni mtu wa Moyale, na jambo la mtu wa Moyale husikilizwa Moyale."

"Moyale ipi?" akauliza mzee mmoja.

"Hilo ndilo nilikuwa nalijia." Akaeleza kwamba ngamia hayuko naye tena. Amemkabidhi mkewe wa upande wa Ethiopia kumalizia mahari aliyokuwa akidaiwa, kwa hiyo sasa ni mali ya mke, na mahari ni jambo la kadhi, na mke yuko ng'ambo, ambako wana mahakama zao za sharia, nazo pia hazimsikilizi mtu bila ridhaa yake. Mkewe, alisema kwa masikitiko, haelekei kuridhia.

Nikapiga kelele kwamba mimi nadai pesa, simdai ngamia, ngamia akae na mahari yake kwa heri. Lakini nilikuwa nimechelewa. Nyuso za wazee zilikuwa zimeshaingia ule uzito ninaoufahamu. Wakasogeleana, wakanong'ona kwa muda mrefu, na msemaji wao akakohoa kidogo. Akasema jambo lina haki ndani yake, ila limeingia mambo mapya, na kabla ya kuendelea ni lazima kwanza waangalie kama kikao hiki kina uwezo wa kulisikiliza. Wakaahirisha mpaka baada ya mvua.

Usiku nikampigia mpwa wangu. Akanipa pole, akacheka kidogo, akanipa pole tena. Akasema nisihuzunike kuhusu gharama, kwa sababu mahakamani gharama za kesi kwa kawaida hutozwa aliyeshindwa. Nikamwambia gharama ilikuwa mbuzi, na ameshaliwa.